Rudisha Miezi

Yule mama wa utumishi bado hajanitoka kooni. Nikimeza chai namkuta, nikimeza mate namkuta. Lakini nikianza na yeye nitakuwa nimejipendelea, maana wa kwanza kukosea nilikuwa mimi, na nilikosea nikiwa nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, dukani kwangu, watu wamejaa, nacheka.

Duka langu ni steshenari. Mlango mmoja, dirisha moja, kompyuta moja, printa inayokohoa kabla ya kutoa karatasi, mashine ya fotokopi, na benchi. Benchi ndilo duka lenyewe. Hapo wanakaa wanaosubiri picha za pasipoti, wanaosubiri fomu zao, na wasiosubiri chochote. Mtaa mzima unaniita Shangazi, hata walionizidi umri, na hakuna jambo la mtaa ambalo halikai kwanza kwenye benchi lile kabla ya kuwafikia wenyewe.

Kazi inayoniweka mjini ni sivii, zile karatasi za wasifu za kuombea kazi. Nina namna yangu ya kuzichapa. Sianzi ukurasa mpya, nafungua sivii ya mteja aliyepita, nafuta jina, naandika la huyu. Ndiyo maana nusu ya watu hapa, ukisoma karatasi zao, wanapenda "kusoma vitabu, kuangalia mpira na kushirikiana na jamii", hata wale ambao kitabu wanakijua kwa kukikalia. Na nina ufundi mwingine ambao watu wanaufuata kutoka mitaa ya mbali: nafuta miezi. Mtu aliyefanya kazi Novemba mpaka Februari, nikimfutia miezi anabaki na miaka miwili mizima. Aliyekaa nyumbani mwaka na nusu, naivuta kazi ya nyuma kidogo, naisogeza ya mbele kidogo, shimo linaziba hata sindano haipenyi. Sikuwahi kuuita uongo. Niliuita kunyoosha.

Mdogo wangu wa kiume ni mwendesha boila. Anakaa na lile pipa kubwa la chuma linalochemsha maji na kusukuma mvuke kwenye mashine za kiwanda. Anaangalia geji inayopima presha, anaangalia kioo cha maji kinachoonyesha yamebaki kiasi gani ndani, na kila saa anaandika alichokiona kwenye daftari la zamu, anasaini. Kazi ya mtu mmoja na chuma. Ndani ya miaka tisa ameifanya sehemu saba, na ndiyo maana nyumbani tunamwita Kiguu. Mwanzoni lilikuwa jina la utani. Baadaye mkewe akaanza kulitamka akiwa amekunja uso, likaacha kuchekesha.

Kiguu, mkewe na watoto wao wawili walikuwa wanaishi kwangu, chumba cha mbele, mwaka wa pili sasa. Mimi napenda nyumba ikijaa. Nikiamka nikakuta viatu vimezagaa mlangoni, moyo unatulia. Lakini wifi yangu ni mshonaji wa sare za shule, amezoea kila kitu kiwe na pindo lake, na alichokitaka duniani kilikuwa kitu kimoja.

"Wifi, nakupenda," aliniambia, "ila nataka mlango wangu mwenyewe. Mlango ambao nikiufunga, umefungwa."

Wiki ile kilipotangaza nafasi kiwanda cha juisi, ajira ya kudumu, nyumba ya mfanyakazi ndani ya uzio, bima ya familia nzima, wifi alimwambia mumewe mbele yetu sote, mikono kwenye maji ya vyombo: "Hii ukiikosa, Jumamosi naenda kwetu na wanangu. Na hii ukiipata ukaiacha, sitakuaga hata." Jioni ile ile alifungua skrubu, akakitoa kichwa cha cherehani kwenye meza yake, akakiviringisha kwenye shuka. Mshonaji akishafikia kukivua kichwa cha cherehani, hatanii.

Basi Kiguu akaja dukani kuandikiwa sivii. Benchi lilikuwa limejaa. Alikuwepo rafiki yake, tunamwita Pasi, kwa sababu enzi za kazi ovaroli lake lilikuwa limenyooka mstari mbele kama la mwanajeshi wa gwaride. Pasi na Kiguu walikuwa pamoja kiwanda cha sabuni. Boila ya pale ilipasuka asubuhi moja ya mwezi wa Agosti, ikamkuta Pasi kwenye zamu. Mikono yote miwili ilibabuka, na sikio moja. Vidole vyake sasa havikunji. Fomu zake zote najaza mimi, na kikombe anakishika kwa viganja, kama mtu anayeomba dua. Mdomo, hata hivyo, haukuguswa na moto.

"Shangazi, huyo mpunguzie," alisema Pasi. "Sehemu saba! Hiyo si sivii, ni ratiba ya treni."

Benchi likacheka. Nikacheka. Kiguu mwenyewe akatabasamu upande mmoja.

"Nipunguze?" nikamuuliza.

"Dada, wewe ndiye unayejua wanachotaka."

Nikajua kweli. Katika saba nikabakisha mbili, maziwa na sabuni, kwa kuwa ndivyo viwanda vikubwa. Ya maziwa nikaivuta huku na huku ikameza nne. Ya sabuni nikaifuta miezi na kuinyoosha mpaka mwisho wa mwaka, halafu nikaipeleka mwaka mwingine mbele ikaizike na ya saba. Miaka tisa, sehemu mbili. Nikaichapa kwenye karatasi nzito, nikaipuliza wino ukauke, nikamwambia: "Haya, nenda kaolewe."

Aliondoka sabuni tarehe nne Juni. Boila ilipasuka Agosti. Pasi alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwenye kioo cha kompyuta yangu. Na mimi nikafuta Juni.

*

Alhamisi asubuhi alikwenda kwenye usaili. Saa sita kasoro nikamsikia kabla sijamwona, kwa sababu Kiguu akiwa na hasira hapigi kelele, anapiga hatua. Alisimama mlangoni, tai niliyomwazimia kaishika mkononi. Ndani kulikuwa na mama mmoja na picha zake za pasipoti, Pasi kwenye kona yake, na mimi.

"Rudisha miezi," akasema.

"Nini?"

"Miezi yangu. Uliyoifuta. Irudishe."

"Kaa kwanza, mdogo wangu. Vipi, wamesemaje?"

"Sikai!"

Yule mama wa picha akajifanya anatafuta kitu kwenye pochi. Hakuna aliyetoka. Kwenye duka langu hakuna anayetoka mambo yakianza.

Akasimulia akiwa amesimama. Walikuwa wawili mezani: afisa utumishi, mama mnene mwenye sauti laini, na mhandisi wa kiwanda, mzee mwembamba mwenye penseli sikioni. Mama aliishika ile sivii akaifurahia mpaka akaipiga kofi. Akasema siku hizi vijana wanaruka kama panzi, leo hapa kesho kule, mtu miezi minane ameshachoka. "Miaka tisa sehemu mbili! Watu wa kukaa kama wewe ndio tunaowataka." Kiguu akakumbuka kichwa cha cherehani kwenye shuka, akaiacha sifa ipite.

Ndipo mhandisi akainua macho. "Hapa sabuni, ulikuwepo mwaka ule boila ilipopasuka?"

"Nikakauka," Kiguu akatuambia. "Yule mama akanijibia. Unajua alisemaje? Akasema, 'Mhandisi, ajali ni ajali. Mimi ninachokipenda, hata baada ya jambo zito kama lile hakukimbia. Alikaa.' Alikaa! Dada, nimepewa sifa kwa kusimama alipoungua mwenzangu!"

Sikumtazama Pasi. Nilitazama kibodi.

"Nikamwambia, mama, mimi niliondoka Juni. Akasema, mbona hapa inaonyesha ulikuwepo? Nikamwambia tarehe si za kweli. Akaiweka chini ile karatasi kwa vidole viwili, hivi, kama tambara la jikoni. 'Nani kaiandika?' Nikasema mimi."

"Kiguu..."

"Nikasema mimi! Ulitaka niseme dada yangu? Mhandisi akaniuliza, basi uliondoka kwa nini? Nimefungua mdomo, mama akasema haina haja, mtu wa kudanganya tarehe atadanganya na geji. Mimi! Nidanganye geji! Miaka tisa nafukuzana na watu kwa sababu sitaki kudanganya geji, leo nafukuzwa kwa kudanganya geji!"

Akaibwaga tai kwenye mashine ya fotokopi. Nilitaka kusema nilifanya kwa nia njema. Maneno yalikuwa tayari, na bahati nzuri Pasi akanitangulia.

"Niliona ukifuta Juni," akaniambia, taratibu. "Nilikuwa nasoma hapa begani kwako. Nikasema moyoni, kama inampa mtu nyumba, acha ipite. Mikono yangu hairudi hata ikiandikwa nini."

Hakuna aliyewahi kunitukana tusi lililoniingia kama ule upole. Na kwa vile mimi nikiona aibu nakuwa mkali, nikageuza kiti, nikafungua ukurasa mtupu. Sikufungua ya mteja aliyepita. Mtupu.

"Haya. Taja. Sehemu zote saba, siku, mwezi, na umeondoka kwa nini. Na usinipambie."

Akataja. Mahali alipokwama kwenye tarehe Pasi akamkumbusha, na mara moja yule mama wa picha naye akasema, "Hapana, kipindi hicho mwanangu ndiyo alizaliwa, ilikuwa Machi, Kiguu alikuwa bado hotelini." Niliandika kama alivyosema, neno kwa neno:

Chumba cha kufulia cha hoteli, miezi kumi na sita: *kioo cha maji kilipasuka, nikaambiwa nikisie maji.* Maziwa, miaka miwili na miezi mitatu: *kiwanda kilifungwa.* Magodoro, miezi minane: *nilimtukana msimamizi. Kosa langu.* Kutia rangi vitambaa, mwaka: *niliambiwa nisaini saa ambazo hapakuwa na mtu.* Hospitali, mwaka na nusu: *mkataba uliisha.* Sabuni, miezi kumi na moja, mpaka tarehe nne Juni: *valvu ya usalama ilifungwa kwa waya ili presha ipande. Niliandika kwenye daftari la zamu mara tatu. Ukurasa ulichanwa.* Nyanya za kopo, miezi saba: *msimu uliisha.*

"Eleza hiyo valvu," nikamwambia. "Msomaji atajuaje?"

"Ni ile inayotoa mvuke wenyewe presha ikizidi. Ukiifunga, mvuke hauna pa kutokea ila kupitia kwa mtu."

Nikayaandika na hayo.

Printa ikakohoa, ikatoa kurasa mbili. Na kabla sijaziinua, mkono mwingine ukaziinua. Wifi yangu alikuwa amesimama nyuma yetu, futi ya kupimia bado shingoni, sijui tangu saa ngapi. Habari hupanda mtaa kwa kasi kuliko mguu. Mtu alikwisha kumwambia, "Mumeo kakosa."

Akasoma kimya. Halafu akarudia kusoma kwa sauti, sehemu ya sabuni.

"Ulisema mligombana kuhusu chai," akamwambia mumewe.

Kiguu akatazama viatu.

"Uliniambia msimamizi kakunyima chai ya zamu, ukaona dharau, ukaacha kazi. Nikalia mwezi mzima kwamba nimeolewa na mtu anayeacha kazi kwa ajili ya chai!"

"Ningekuambia ni waya, ungelala?"

"Kwani nimelala? Miaka tisa silali! Nilikuwa naogopa mwanamume asiyetulia, kumbe nilitakiwa kuogopa boila! Si ungenipa haki yangu, niogope kitu cha kweli!" Akamgeukia Pasi. "Na wewe ulijua?"

"Shemeji, mimi ndiye niliyebaki," akasema Pasi. "Aliniambia tuondoke wote. Nikamwambia nina watoto, tena nikamcheka."

Wifi akazikunja zile karatasi mara moja katikati, kingo zikalingana sawasawa. "Wifi, funga duka."

"Twende wapi?"

"Unajua wapi."

"Nyie wanawake, msinidhalilishe," Kiguu akaanza.

"Wewe kaa," mkewe akamjibu. "Si wewe ndiye mtu wa kukaa? Kaa."

*

Kwenye geti la kiwanda cha juisi tulimwambia mlinzi tumeleta karatasi zilizosahaulika, jambo ambalo halikuwa uongo. Ofisi ya utumishi ilikuwa na zulia la kijani, maua ya plastiki, na saa ya ukutani yenye nembo ya kiwanda aliyopewa yule mama kwa kutimiza miaka ishirini kazini. Mama alitupokea vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, alikuwa na adabu tupu. Akatukalisha, akaisoma ile sivii mpya mpaka mwisho, akavua miwani.

"Nawaonea huruma," akasema. "Lakini hebu niambieni. Mtu kahama mara saba. Akiwa na sababu saba, bado kahama mara saba. Mimi nikimwajiri, baada ya miezi minane akaondoka, anayeitwa kujieleza si yeye, ni mimi. Na juu ya hayo, amedanganya."

"Hakudanganya yeye," nikasema. "Nilidanganya mimi. Mimi ndiye mchapaji."

"Alisema kaandika mwenyewe."

"Alinificha. Unaona sasa mtu gani unamfukuza?"

Akatabasamu yale matabasamu ya kumsindikiza mtu mlangoni. "Mama yangu, mwajiri anaangalia alama. Mtu aliyetulia sehemu moja ana alama njema. Angalia hizi," akagusa rundo la sivii pembeni ya meza, "hawa nimewachuja wiki nzima. Watu watulivu. Miaka mitano, miaka sita, sehemu moja."

Macho yangu yakaenda kwenye rundo. Ya juu kabisa ilikuwa na mistari mitatu chini ya jina. Mistari mitatu ni yangu. Nikaiinua pembe: ya pili, mistari mitatu. Ya tatu, chini kabisa: kusoma vitabu, kuangalia mpira na kushirikiana na jamii.

Damu ikanipanda.

"Hizi nimezichapa mimi!"

"Samahani?"

"Hizi zote! Watulivu wako hawa, nimewatuliza mimi, kwa kidole hiki! Miaka mitano gani? Nimefuta miezi, nimevuta huku, nimesukuma kule! Unamkataa mmoja aliyekuja kukuambia ukweli kwa mdomo wake, unawachukua hawa kwa sababu bado hawajafungua mdomo!"

Mkono wa mama ukaenda kwenye rundo, haraka. Nikaliwekea kiganja. Maana hapo hapo nilikumbuka kwamba kila karatasi ile ni mtu, ana mama yake, ana mlango anaoutaka, na alinilipa nimfiche, si nimtangaze.

"Sitakuambia ipi imenyooshwa kiasi gani," nikasema. "Sijui kusoma alama kama wewe. Lakini jiulize wewe na watu wako, ni nani aliyewafundisha kunijia? Mtu haji kwangu kufuta miezi kwa raha. Anakuja kwa sababu anajua mkiiona mnamtupa hata kabla ya kumuuliza kwa nini!"

"Toa mkono wako kwenye nyaraka za kampuni."

"Muulize basi! Neno moja tu, kwa nini! Limekushinda nini?"

Sasa nilikuwa nimesimama, na nasikia mimi mwenyewe kwamba sauti imeshatoka nje ya dirisha. Mlango ukafunguliwa. Yule mzee mwembamba, penseli sikioni. Wifi akaichukua sivii mpya mezani, akampa, kidole chake kikiwa juu ya mstari wa sabuni.

Mhandisi akasoma amesimama. Akasoma tena. Akaketi kwenye mkono wa kiti.

"Mimi nilikuwa katika waliopelekwa kuikagua ile boila baada ya kupasuka," akasema. "Waya tuliukuta. Tuliuliza nani alijua. Kiwanda kizima wakasema hakuna aliyejua. Daftari tukaletewa, kurasa za Mei na Juni hazimo." Akamtazama mama wa utumishi. "Ndiyo maana nilimuuliza asubuhi. Kwenye ile sivii ya kwanza alikuwa zamuni mwaka mzima. Nilidhani nimekaa na mtu aliyeufunga ule waya."

Kumbe sikumnyima mdogo wangu kazi tu. Kwa kufuta mwezi mmoja nilimkabidhi mkononi koleo la kufungia ule waya.

"Sisi mwendesha boila wetu alikaa miaka kumi na minne," mhandisi akaendelea. "Kastaafu kwa heshima, tukampa saa. Nimepitia madaftari yake yote. Miaka kumi na minne, hakuna siku aliyoandika kuna kitu kibovu. Hata siku moja. Boila gani hiyo?" Akainuka. "Mimi huyu namtaka."

"Miezi mitatu ya majaribio," akasema mama, akizipanga zile karatasi zangu zikae sawa. "Bila nyumba. Nyumba akithibitishwa. Na nitamfuatilia mwenyewe."

"Mfuatilie," wifi akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza humo ndani. "Mimi nimemfuatilia miaka tisa."

*

Jumatatu akaanza. Kichwa cha cherehani kilikuwa bado kwenye shuka. Wifi alisema Jumamosi kwao haendi, lakini skrubu hafungi mpaka aone.

Saa nne asubuhi, siku hiyo hiyo ya kwanza, benchi limejaa, tukamwona Kiguu anakuja. Ovaroli jipya, hatua zile zile. Wifi alikuwa kaja kutoa fotokopi ya vipimo vya sare, akaishika meza.

"Usiniambie," akasema.

"Nimezima boila."

"Siku ya kwanza!"

"Valvu ya usalama imeganda. Haijafungwa waya, imekaa tu miaka bila kuguswa mpaka ikashikana. Nimeijaribu, haiinuki. Nikaandika kwenye daftari, nikazima. Juisi imesimama, mashine zote zimesimama, watu wako nje wanaota jua."

"Na mama?"

"Alishuka mwenyewe mpaka chini na viatu vyake vya kisigino. Akasema niwashe, lori zinasubiri. Nikamwambia asaini yeye hapa, saa tatu, kwamba kasema niwashe. Hakusaini. Akapanda juu, akarudi na hii." Akatoa bahasha mfukoni.

Ilikuwa barua ya onyo. Onyo la kwanza, kwa kusimamisha uzalishaji bila idhini. Saa mbili na nusu tangu aajiriwe! Niliisoma mbele ya watu, na nikaona yale maneno laini yamejipanga kwa adabu, mstari chini ya kichwa cha habari, na nikatamani kurudi kule nikaimalizie ile kelele niliyoiacha nusu.

"Wamekufukuza au hawajakufukuza?" wifi akauliza. "Nijibu moja."

"Mhandisi kasimama mlangoni kwa boila, kasema atakayeiwasha apite juu yake. Ametuma gari ikafuate valvu mpya. Mimi kaniambia nije nikatoe nakala ya onyo, ya kwangu nikae nayo, halafu saa nane nirudi tuiweke hiyo mpya. Amesema kurasa za kwangu hazitachanwa tena."

Wifi akatazama saa yake. Akatazama onyo. Akanitazama mimi.

"Toa nakala tatu," akasema.

Nikatoa nne. Pasi akaipokea moja kwa viganja viwili, akailaza mapajani, akaanza kuisoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma barua ya mtoto wake aliyefaulu. Alipofika kwenye "kusimamisha uzalishaji bila idhini" akarudia. Kisha akarudia tena, na mara hii sauti ilimkatika, na benchi zima likatazama barabarani ili asionekane.

"Laiti angekuwepo mtu wa kuisimamisha ile ya sabuni," akasema.

Wifi hakuwepo tena. Saa saba nilipopanda nyumbani kula nilikuta shuka limekunjwa vizuri kitandani, na yeye yuko chini ya meza na bisibisi mkononi, anakaza skrubu ya mwisho ya cherehani. Hakuwa anatabasamu. Alikuwa amekasirika vile vile, na mimi nilikuwa nimekasirika vile vile, kwa miaka tisa, kwa mikono ya Pasi, kwa saa ile ya ukutani.

"Miezi mitatu," akaniambia kutoka kule chini. "Nayo nataka uiandike. Jumatatu, tarehe, mwezi. Usinifutie hata siku moja."

Tangu siku ile nimepoteza wateja. Wanakuja, wanaomba nifute miezi kama zamani, nawaambia nitaandika yote na sababu zake, wananuna wanavuka barabara kwa mchapaji mwingine. Siwalaumu wao. Wanajua sivii zao zinakwenda kusomwa na nani.